Ndengu wa ghorofa ya nne: je, paka anayefungiwa ndani anateswa?

Swali:

"Habari ya kazi, daktari. Naishi Roysambu, ghorofa ya nne, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Nina paka dume anaitwa Ndengu, ana miaka miwili, alihasiwa akiwa na miezi minane, na tangu nimchukue hajawahi kutoka nje. Naondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa moja usiku. Siku hizi saa kumi alfajiri ananing'ata visigino. Amekwaruza kochi mpaka sponji imetokeza. Amenenepa, na mchana kutwa anakaa dirishani akitazama njiwa. Mwezi huu amekojoa kwenye godoro mara mbili, na mara moja kwenye sinki ya bafu. Anakula chakula kikavu cha dukani, bakuli halikauki. Mama yangu alipokuja kutoka Machakos alisema paka si mfungwa, nimwachilie ama nimpeleke nyumbani akakamate panya. Je, ninamtesa? Na nikimletea mwenzake, atatulia?"

Jibu:

Dada, nitaanza na sinki. Umeitaja kama jambo la kupita, lakini ndiyo iliyonifanya nikujibu leo badala ya wiki ijayo. Paka akiacha mchanga wake wa choo akaenda kukojoa kwenye sinki, beseni au vigae vya bafu, mimi hufikiria kwanza kibofu. Akikojoa anaumia, na kwa kuwa aliumia akiwa mchangani, mchanga ndio anaoulaumu. Basi anatafuta mahali pengine, mara pororo, mara laini na baridi. Hakukukomoa. Kwa hiyo usimchape wala usimsugue pua kwenye mkojo kama majirani wanavyoshauri; utamwongezea hofu, na hofu, kama nitakavyoeleza, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Ndengu ana karibu kila sifa ya mgonjwa huyu: dume aliyehasiwa, kijana, mnene, wa ndani, anayekula chakula kikavu peke yake. Kwa paka wa umri wake, mara nyingi hatukuti bakteria wala mawe kwenye mkojo. Kibofu kinavimba kwa ndani, kinavuja damu kidogo, na kinachokichochea ni msongo wa maisha. Ndiyo maana nakuomba usipite agrovet kununua dawa ya kuua bakteria kwa kukisia. Mpeleke apimwe mkojo wiki hii. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete kina kliniki ya wanyama wadogo, na kliniki za binafsi zimejaa mjini. Hakikisha tu kwamba anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, maana Nairobi hatukosi watu wenye koti jeupe na sindano.

Kuna hali moja ambayo haingojei wiki hii wala kesho. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na kuelekea nchani unazidi kuwa mwembamba. Ute na chembechembe za madini vinaweza kugandamana humo vikaziba kabisa. Utamwona anaingia mchangani kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu, au yanatoka matone mawili ya rangi ya waridi. Atajilamba sehemu zake bila kuacha, atalia sauti nzito usiyoizoea, kisha ataanza kutapika na kujificha. Hapo potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Bwana mmoja aliwahi kuniletea paka Jumatatu asubuhi akiniambia amefunga choo tangu Jumamosi. Alikuwa amemnywesha vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia. Nilipoweka mkono tumboni, kibofu kilikuwa kigumu na kikubwa kama chungwa. Huyo alipona, baada ya siku nne za mpira wa mkojo na dripu. Wengine wa Jumatatu kama huyo sikuwawahi. Ukiona dalili hizo usiku wa manane, tafuta kliniki inayofungua usiku, na namba yake uwe nayo kwenye simu kuanzia leo.

Sasa turudi kwa mama. Nusu ya neno lake ni kweli, na nakuomba usilipuuze. Kule Machakos paka ana kazi. Kuna ghala la mahindi, kuna panya, kuna mjusi ukutani. Analala karibu na meko, anaamka, anazunguka, anavizia, anakosa, anavizia tena. Lakini nje ya mlango wako hakuna ghala la mahindi. Kuna Thika Road, kuna mbwa wa mtaa, kuna panya waliokula sumu, kuna paka shume wenye vidonda na magonjwa ya kuambukiza kwa kuumana. Paka wa ndani anayetunzwa anafikisha miaka 12 hadi 15, na wengine huipita. Kumfungulia Ndengu mlango wa ploti ni kumpunguzia hiyo miaka. Na ukimpeleka kijijini sasa hivi, paka ambaye hajawahi kukanyaga nyasi, utakuwa umemtupa tu kwa upole.

Kinachokosekana kwako ni kazi. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake vitu vidogo vidogo, mara nyingi kwa siku, na anakosa mara nyingi kuliko anavyopata. Mwili na akili ya Ndengu bado ni vya yule. Lile bakuli lisilokauka limemfanya mfanyakazi hewa: mshahara unaingia kila siku, ofisini hajulikani. Nguvu zake zinaishia wapi? Kwenye kochi, kwenye visigino vyako saa kumi alfajiri, na nyingine zinamrudia mwenyewe kibofuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akiwemo Tony Buffington, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2011 walionyesha kwamba hata paka wazima kabisa, ukiwavuruga ratiba ya kula na ya watu wao, huanza kutapika, kususia chakula na kujisaidia nje ya mchanga. Ratiba yako tayari ni kitu kizuri. Unarudi saa ileile kila siku. Tuijaze kazi.

Anza na bakuli. Liondoe. Paka wa kilo nne anahitaji takriban gramu 50 tu za chakula kikavu kwa siku. Soma pakiti yako kwa sababu vyakula hutofautiana, kisha pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa kikombe. Utashangaa gramu 50 ni kidogo kiasi gani. Gawa mafungu manne au matano. Fungu la asubuhi usiliweke kwenye bakuli: litawanye kwenye trei ya mayai ile ya karatasi, punje chache kila tundu, ayachokoe kwa ukucha. Lingine litie kwenye chupa ya soda ya nusu lita uliyoitoboa matundu mawili matatu makubwa kidogo kuliko punje. Akiipiga inabingirika na kutema kimoja kimoja. Mengine ficha: juu ya friji, nyuma ya mguu wa meza, ndani ya katoni. Siku mbili za kwanza atakutazama kama mtu aliyenyang'anywa haki yake. Fanya iwe rahisi mwanzoni, matundu makubwa, punje zinazoonekana, kisha ongeza ugumu.

Kumpunguza unene, nenda polepole. Pandeni mizani pamoja kila Jumapili, kisha panda peke yako, utoe. Apungue asilimia moja hivi ya uzito kwa wiki, basi. Mbavu zake zikihisika chini ya ngozi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako, umefika. Usimshindishe njaa hata kidogo: paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na ini linagoma. Paka aliyesusia chakula kwa siku nzima ni wa kupelekwa kwa daktari.

Maji ndiyo dawa kubwa ya kibofu, na hapa paka anatuangusha kwa tabia. Mababu zake wa jangwani walipata maji yao ndani ya nyama ya mawindo, panya ana maji kama asilimia 70, kwa hiyo kiu ya paka ni hafifu na figo zake hukaza mkojo mpaka unakuwa mzito. Chakula kikavu kina maji asilimia 10 tu au pungufu. Usimngojee anywe, mtilie kwenye chakula. Nusu ya mlo wake ibadilishe iwe chakula chenye majimaji, cha kopo ikiwa mfuko unaruhusu. Ikiwa hauruhusu, loweka punje zake kwa maji ya uvuguvugu dakika kumi, au mwagia supu ya omena. Omena hiyo uioshe mchanga, uichemshe kwa maji mengi bila chumvi wala kitunguu, umpe ile supu na samaki wachache. Kuichemsha kuna maana: samaki wengine wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Na iwe kionjo, isiwe chakula chake chote. Weka pia mabakuli mawili matatu mapana ya maji mbali na chakula. Paka wengi hawapendi masharubu yao yaguse kingo. Wiki za mgao, maji yaliyokaa mtungini yakianza kunuka plastiki atayakataa, nawe usingeyanywa.

Kwa kuwa tuko jikoni, maneno machache kwa wale ambao hawanunui chakula cha dukani, maana naulizwa kila siku. Ugali na maziwa si chakula cha paka. Wengi wakishakua hawamudu sukari ya maziwa, wanahara. Chakula cha mbwa nacho hakimfai, kwa sababu paka lazima apate taurini, kirutubisho anachokipata kutoka kwenye nyama. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ndio waliogundua kwamba kupungukiwa taurini kunadhoofisha moyo wa paka hadi kuua, na macho ilishajulikana kuwa hupofuka. Mapafu na nyama tupu kila siku pia ni mtego: hazina kalsiamu ya kutosha, na nimepiga eksirei za paka wachanga wa miezi minne waliovunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu yao, kwa hiyo mabaki ya mchuzi yaende kwingine.

Nije kwenye mchezo, ambao ndio ninaoupenda zaidi. Ukirudi saa moja, kabla hujavua viatu hujafungua simu, utamkuta mlangoni. Hapo hataki kubebwa. Chukua fimbo ya urefu wa mkono, ifunge uzi, mwisho wa uzi funga unyoya wa kuku. Sasa, kosa la watu wengi ni kuutikisa unyoya mbele ya pua ya paka. Hakuna panya anayemjia paka usoni. Uburute unyoya uondoke kwake, polepole, upitie ukingo wa zulia, uingie nyuma ya mguu wa meza na utulie hapo, hauonekani. Subiri. Utaona mboni zimepanuka zikajaza jicho, kifua kimegusa sakafu, na makalio yanayumba kushoto kulia, kushoto kulia. Ukiyaona hayo, utikise unyoya kidogo sana. Ataruka. Mwache akose mara mbili, apate ya tatu, aung'ate, aupige mateke ya nyuma. Dakika kumi hivi zinatosha, utamwona anaanza kuhema na kulala ubavu.

Rudia kabla ya kulala, na mara hii ukimaliza tu, mpe fungu lake kubwa la siku. Mpangilio ni huo wa porini: awinde, ale, ajilambe, alale. Paka aliyemaliza mzunguko huo saa nne usiku ana sababu ndogo ya kukung'ata saa kumi alfajiri. Akija bado, na wiki ya kwanza atakuja, usiamke, usimsukume, usimsemeshe. Ukiinuka mara moja tu kumpa chakula ili anyamaze, umemfundisha kwamba kisigino ni kengele ya jikoni. Miguu ifunike vizuri, uvumilie. Wiki ya pili mara nyingi huwa nafuu.

Ile fimbo ukimaliza ifungie kabatini. Uzi ukimezwa unaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni, na matumbo yakajikunja juu yake kama kitambaa kwenye kamba ya suruali, yakakatika. Na kwa dada wa Nairobi nina onyo la ziada: nywele za kusukia. Siku ya kusuka, vipande vimeenea sakafuni, paka anavicheza kisha anavimeza. Mara moja nilitoa tumboni kwa paka fungu zima, limesokotana vizuri kuliko msusi angeweza. Zoa kabla ya kulala. Ukiwahi kuona uzi unaning'inia kinywani au nyuma, usiuvute.

Kuhusu njiwa, usihuzunike. Paka dirishani hajakata tamaa, yuko kwenye runinga. Ile sauti ya meno kutetemeka anapowaona ni msisimko wa mwindaji. Mwongezee: sogeza stuli au rafu chini ya dirisha, weka leso ya zamani, na miezi ya baridi, Juni na Julai, jua la asubuhi likiingia hapo hatabanduka. Paka hupenda kuwa juu; rafu tatu za ngazi ngazi zinaongeza ukubwa wa nyumba yako bila kuongeza kodi. Ila dirisha lenyewe likague leo. Grili zetu zimewekwa kuzuia mwizi, na matundu yake kichwa cha paka hupita; kichwa kikipita, mwili unafuata. Waya wa mbu peke yake unachanika kwa kucha. Mwite fundi afunge waya mgumu wa chuma kwa ndani, na zungumza na mwenye nyumba kwanza. Watu watakuambia paka ana roho ngumu, haanguki akafa. Hesabu wanayoitegemea ni ya New York: mwaka 1987 madaktari wa mifugo walichapisha habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani na kuletwa hospitali katika miezi mitano, na tisa kati ya kila kumi waliotibiwa walipona. Waliokufa palepale barabarani hakuna aliyewabeba kwenda kuhesabiwa.

Kochi halitapona, lakini lijalo linaweza kuokoka. Kukwaruza ni lazima kwake: ananoa, anavua maganda ya ukucha, anajinyoosha mgongo, na anaacha harufu ya vidole vyake. Huwezi kumkataza, unaweza kumhamisha. Nunua kamba ya katani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile nene, uizungushie kwa kubana kwenye gogo au bomba imara la karibu mita moja, msingi mzito usiotikisika. Likiyumba mara moja hatalirudia. Lisimamishe palepale alipochana kochi, si kona ya mbali unakotamani wewe. Baada ya wiki kadhaa utalisogeza kidogo kidogo. Pale kwenye kochi bandika selotepu pana upande wa gundi ukiwa nje. Nilijaribu mwenyewe kwa paka wangu na gogo la bei ghali lililoagizwa kutoka nje. Alililalia, akaendelea na kiti. Katani ya hapa hapa ndiyo iliyomshawishi.

Choo chake sasa, na hapa tunarudi kwa kibofu. Hukuniambia kikoje, kwa hiyo nitakuambia kiwe vipi. Kanuni yetu ni idadi ya paka kuongeza moja, maana yake Ndengu ana haki ya viwili. Kila kimoja kiwe beseni pana, urefu mara moja na nusu ya mwili wake, bila kifuniko, sentimita tano hadi saba za mchanga. Kimoja bafuni, kingine sebuleni kwenye kona tulivu, mbali na chakula. Mchanga unaoganda ndio paka wengi wanaupenda, usio na marashi. Maranda ya fundi seremala yanafaa pia ikiwa hayana vumbi wala dawa ya mbao. Chota kila siku. Ukichota kila siku una faida ya pili: vijidudu vya toksoplasma, vile wajawazito wanaogopeshwa navyo, vikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa paka asiyekula panya wala nyama mbichi uwezekano ni mdogo hata hivyo.

Usioshe beseni wala godoro kwa jiki. Jiki ikikutana na mkojo hutoa moshi mbaya kifuani. Sabuni ya kawaida na maji ya moto yanatosha beseni. Godoro: kamulia maji baridi, kausha kwa taulo, nyunyiza soda ya kuokea, acha usiku kucha, kama maduka ya wanyama yana kisafishaji cha vimeng'enya, hicho ni bora. Kisha livalishe nailoni mpaka daktari aseme kibofu kimepona.

Hatari za ndani nitazipitia haraka. Maua ya lili, yale makubwa yenye poda ya rangi ya machungwa katikati, yasikanyage nyumbani kwako hata ukiletewa kwa mapenzi. Poda ikimwangukia manyoya akailamba, au akinywa maji ya chombo, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Mwambie mpenzi alete waridi. Kidonge kimoja cha panadol kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake, hata tone moja la mbwa mkubwa mgongoni. Na keateka akitangaza kwamba jengo linapigwa dawa ya kunguni au mende, Ndengu ahame siku hiyo, arudi nyumba ikiwa imekauka na kuingia hewa.

Chanjo zinamhusu hata asipotoka. Kichaa cha mbwa kipo Kenya na chanjo yake tunairudia kila mwaka. Virusi vinavyoua paka kwa kuhara na kutapika vinaingia nyumbani kwa soli ya kiatu chako.

Mwenzake? La, si sasa. Paka ni mwindaji wa peke yake, na nyumba yako ni eneo la mmoja. Ukimleta mgeni wakati huu, huyu ambaye kibofu chake kinawaka kwa msongo utakuwa umemwashia jiko chini. Nipe miezi sita isiyo na mkojo nje ya mchanga, halafu uniulize tena. Na ukija kuchukua jike, mfunge kizazi mapema, akiwa na miezi mitano hivi. Ulaya majike hupumzika majira ya baridi kwa sababu mchana unafupika. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo jike asiyefungwa analia kutafuta dume kila wiki mbili tatu, Januari hadi Desemba, na ghorofa zote nne zitakujua kwa jina.

Mama mpigie simu umwambie Ndengu ameanza kazi. Kwenda kliniki usimbebe mkononi kwenye matatu, hata kama ni mpole; honi moja ya Githurai na atakuwa juu ya kichwa cha dereva. Tumia kikapu cha plastiki chenye mlango, kiache wazi sebuleni siku mbili tatu kabla, na fungu moja la chakula ndani, ili akijue. Siku yenyewe kifunike kwa leso yako uliyoivaa. Ukiweza, toa mchanga kwenye beseni usiku uliotangulia, uweke changarawe safi kidogo za tangi la samaki, uchukue mkojo wake wa alfajiri kwa bomba la sindano. Na ukifika, mwambie daktari habari ya sinki kabla hata hajakuuliza umri.